Jua Litakuwa Wapi?

Maneno haya niliyasema Tukuyu, mbele ya vijana na wazee wa kanisa waliokusanyika kuwaombea wanaotumwa mwaka huu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Mwanakondoo wetu ameshinda!

Tumfuate. Asanteni. Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze maisha ya kijana aliyetumwa nchi ya nje. Najua hapa kwetu ukitaja nchi ya nje watu wanaona ndege, wanaona theluji. Mimi sikupanda ndege. Nilipanda Coaster pale stendi, tukateremka na migomba na mashamba ya chai mpaka joto likaanza kuingia madirishani, nikashuka Kasumulu, nikagongewa mhuri, nikavuka daraja la Songwe kwa miguu, begi likiwa kichwani. Niliondoka nyumbani baada ya chai ya asubuhi, na chakula cha mchana nilikula Malawi.

Ilikuwa Septemba 2023, nina miaka 24. Nimerudi Desemba 2025. Miaka miwili na miezi mitatu niliishi upande wa Kaporo, kati ya mpaka na mji wa Karonga, kwenye kijiji cha wakulima wa mpunga na wavuvi, kwa Wangonde. Barua yangu ilisema nakwenda kufanya uinjilisti na kufundisha watoto. Hayo niliyafanya. Lakini kazi iliyonichukua siku zote na nguvu zote ilikuwa kujifunza kukaa kwa watu, na nimekuja kuwaambia kwamba kazi hiyo ni ngumu, na kwamba tunawatuma vijana wakiwa hawajui kama ipo.

Kwanza niseme juu ya barabara. Sisi wa Rungwe tunapenda kusimulia mwaka 1891, vijana wanne wa Kimoravian walivyotoka Herrnhut, Ujerumani, wakafika chini ya mlima huu. Tunawasimulia kana kwamba walishuka na mvua. Walipitia wapi? Walikuja kwa ziwa, wakitokea kusini, na huko Karonga Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuwa wamewatangulia. Mmoja wa wale wanne alikufa kwa homa mwaka huohuo, kazi haijashika. Kwa hiyo Injili tunayosema tunaipeleka ng'ambo ya Songwe ilitujia sisi kutokea huko ng'ambo. Mzee mmoja aliniambia jambo hili wiki yangu ya kwanza. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Karibu, binti. Umerudi." Sikumwelewa. Nilidhani amenifananisha na mtu.

Na kweli kila kitu kilifanana na kwetu. Kingonde na Kinyakyusa ni lugha za nyumba moja. Nilisalimia kwa Kinyakyusa, nikajibiwa. Ndizi zilezile, mpunga uleule, dagaa walewale wa ziwa, usipa, kama wanavyoitwa Kyela. Sokoni Karonga nikaulizia mchele mzuri unaonukia, muuzaji akaniambia, "Chukua huu, ni Kilombero." Kilombero! Mchele umelimwa palepale kandokando ya ziwa, lakini jina limetoka kwetu, mkoa wa Morogoro. Basi moyo wangu ukatulia. Nikasema, hapa ni nyumbani, nitafanya kazi vizuri.

Hapo ndipo nilipokosea. Kijana aliyetumwa Ulaya anaamka kila siku akijua yuko ugenini, anauliza kila kitu. Mimi niliacha kuuliza siku ya pili.

Nilisimama kanisani Jumapili ya kwanza, nikajitambulisha kwa Kiswahili, maana pale wengi wanakisikia kwa sababu ya biashara ya Kasumulu, Tunduma na Mbeya. Nikasema, "Mimi ni mkazi wa Tukuyu." Watoto wakacheka mpaka mzee wa kanisa akawanyamazisha. Kwa Kichewa, wanachofundishwa shuleni, mkazi ni mwanamke, au mke wa mtu. Nilikuwa nimesimama mbele ya usharika nikijitangaza mke wa mji wa Tukuyu.

Ugali wao, nsima, niliuona wa kawaida mpaka siku niliyoambiwa niupakue. Sisi tunaugeuza sufuria nzima kwenye sinia, unasimama kama kichuguu, kila mtu anamega. Wao wanachovya mwiko au kipande cha kibuyu kwenye maji, wanachota tonge moja refu kama ulimi, wanalilaza kwenye sahani, halafu la pili pembeni yake, halafu la juu. Kila tonge lina uso laini unaong'aa. Mama mwenye nyumba anajua mgeni huyu ni wa matonge mangapi, na hesabu hiyo ni heshima. Mimi niligeuza sufuria. Wale akina mama walitazama kichuguu changu, hawakusema neno, mmoja akachukua mwiko akaanza kukikata upya, taratibu, tonge kwa tonge, huku akinisogezea bakuli la maji nione. Nilijifunza kwa jicho. Ilinichukua wiki nyingi mpaka tonge langu likalala bila kupasuka.

Halafu kungu. Watu wa Kyela mtanisamehe, ninyi mnawajua, ila mimi ni mtoto wa mlimani. Asubuhi moja nikaona moshi mweusi unapanda kutoka katikati ya ziwa, nguzo tatu, moja nene kama mvule. Nikakimbia kuita watu, nikipiga kelele kwamba mtumbwi unaungua. Walinitazama, wakatazama ziwa, wakakimbilia ndani, wakatoka na makapu na vyungu. Ule haukuwa moshi. Ni vijidudu vidogo vya ziwani, mamilioni kwa mamilioni, vinapanda juu kwa pamoja kama wingu. Upepo ulipowaleta nchi kavu, hewa ikawa nyeusi, ukifungua mdomo umekula. Wanawake wakazungusha makapu hewani kwa nguvu, wakawakusanya, wakawaponda, wakatengeneza mikate myeusi ya kukausha juani. Jioni nikaletewa kipande kwenye mboga. Kina ladha ya samaki na ya udongo kidogo. Nilikula chote, na kesho yake nikaomba kingine.

Siku yangu ilianza kabla ya jua, kwenye kisima cha pampu. Vijana mnaotumwa, sikilizeni: kisimani ndiko nilikofanya kazi kubwa kuliko mimbarini. Foleni ya ndoo ndiyo inayojua nani anaumwa, mtoto wa nani amekosa ada, mume wa nani hajarudi kutoka ziwani. Wiki za kwanza nikifika, wanawake walichukua ndoo yangu wakaipeleka mbele kabisa, mgeni, mwinjilisti, "amayi", yaani mama. Nilishukuru, nikachota, nikaondoka. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nikiondolewa kwenye foleni, na mazungumzo yote yanabaki nyuma yangu. Nikawaomba waiache. Hawakukubali. Mwezi wa pili au wa tatu hivi, binti wa miaka kama kumi aliyekuwa akipanga ndoo akaiacha yangu ilipokuwa, ya tisa, akasukuma ya jirani yangu. Nilisimama pale na ndoo ya tisa, nikijua kwamba leo nimepokewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililipata siku ya nne, msimu wa mvua ulipokaribia nikazoea majaruba ya mpunga, nikajua matope yanavyovuta kandambili mpaka unaamua kwenda pekupeku. Sweta niliyoondoka nayo Tukuyu niliitundika msumarini siku niliyofika. Ilishuka pale nilipoikunja iwe mto wa kulalia.

Nilikuwa nimekwenda na cherehani. Nilijifunza kushona hapa nyumbani na nilikuwa na hakika kwamba hicho ndicho nitakachowapa akina mama wa kule. Nikakuta kwenye baraza za maduka mafundi wamekaa na cherehani zao, wanaume wenye miaka ishirini kazini, wanashona gauni ya kitenge huku wanaongea na wewe. Cherehani yangu ilikaa chini ya kitanda. Nilipokuwa nimevunjika moyo nilimkumbuka Leonard Dober. Mwaka 1732 huyu Dober na David Nitschmann waliondoka Herrnhut usiku, kwa miguu, wakiwa wa kwanza kabisa kutumwa na kanisa letu, kwenda kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, kwa watu waliokuwa watumwa. Dober alikuwa mfinyanzi, Nitschmann seremala. Dober alikuta udongo wa kisiwa kile haufai kwa kazi yake. Fikirini, mtu amevuka bahari na ufundi wake mkononi, na udongo unamkataa. Walikula kwa useremala wa mwenzake. Nitschmann alipoondoka, Dober akabaki, akatafuta kazi nyingine, akaendelea kuwaendea wale aliotumwa kwao.

Kilichokuja kufaa kwangu sikukipanga. Akina mama wafanyabiashara walikuwa wakivuka kununua bidhaa Kasumulu na Mbeya, Mwanjelwa, na walikuwa wakichanganyikiwa kwa hesabu na kwa saa za Kiswahili. Basi limeondoka saa mbili, wao wanafika wakati wenzao wameshafika Uyole. Nikaanza kuwafundisha jioni mbili kwa wiki, tarakimu, risiti, majina ya vitu, saa. Watu walikuja wengi kuliko waliokuja kwenye mafundisho yangu mengine yote. Hiyo saa niliyowafundisha wao, mimi mwenyewe ilinishinda, na nitafika hapo.

Lakini kwanza niungame jambo. Kuwa karibu na nyumbani kunatesa. Aliye mbali ameshakata, analia wiki tatu halafu anazoea. Mimi asubuhi baada ya mvua niliona milima ya Ukinga ng'ambo ya ziwa, wazi, kana kwamba naweza kuigusa. Simu yangu, nikisogea upande wa mtoni, ilishika mtandao wa Tanzania yenyewe, na mama yangu anapiga: "Si uje tu Jumamosi? Nimepika makande." Nami nilikwenda. Miezi minne ya kwanza nilikwenda nyumbani karibu kila baada ya wiki mbili. Ijumaa navuka, Jumapili jioni au Jumatatu narudi. Nilijiambia hakuna ubaya, kazi nafanya.

Krismasi ya 2023 ilipokaribia, yule mzee aliyeniambia nimerudi alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda nje. Akauliza habari za mama, habari za Tukuyu, kama mvua imenyesha. Halafu akasema, "Binti, unakuja kwetu kama mtu anayekwenda sokoni." Akanyamaza. "Mtu wa sokoni tunampenda, ana vitu vizuri. Lakini hatumwambii matatizo yetu, maana jioni anafunga mzigo." Akaniaga.

Nilimpigia mama nikamwambia siji Krismasi. Alilia, nami nililia. Krismasi ile ndiyo ya kwanza niliyoalikwa kulala kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Kuna jambo la fedha pia lililonisumbua moyo, nalisema kwa kifupi. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa siku moja. Majirani zangu waliamka na pesa ileile mfukoni, na sabuni, mafuta na mbolea vimepanda. Mimi posho yangu ilikuwa ya shilingi. Nilipokwenda kubadilisha Kasumulu nilihesabiwa noti nyingi kuliko mwezi uliopita, bila kufanya chochote. Nilirudi na zile noti kwenye mfuko wa sketi, nikapita katikati ya watu ambao nami nimekuwa nikiwaambia tumetoka nyumba moja. Hakuna aliyenifundisha mtu afanye nini siku kama hiyo. Nilinunua chumvi na sabuni nikagawa, nikaona haya, kwa sababu hata kugawa kule kulinirudisha kuwa mtu wa sokoni.

Sasa saa.

Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka daraja unarudishiwa saa yako, na simu yangu kule mtoni ilikuwa ikiruka mbele na nyuma kufuata mtandao ilioukamata. Hilo nililizoea. Tena wao hawahesabu kama sisi, kutoka alfajiri. Wanahesabu kama Waingereza, kutoka usiku wa manane. Saa ambayo sisi tungeiita mbili ya asubuhi, wao wanaiita nane, wanasema kwa Kiingereza cha kwao, "eiti koloko". Hilo pia nililijua. Mtu akinitajia saa kwa Kingonde au kwa Kiingereza, sikosei. Ambalo sikulifikiria ni kwamba mtu wa kule akiongea Kiswahili anaweza kuleta Kiswahili chetu na hesabu yao.

Kulikuwa na bibi mmoja, agogo, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Ndiye aliyenifundisha jina la kila mti kwa Kingonde, akiwa amekaa mkekani, miguu imevimba. Machi 2024 alizidiwa, ikaamuliwa apelekwe hospitali Mzuzu, safari ya zaidi ya kilomita 200. Jioni ile mkwewe alikuja mlangoni, akaongea nami Kiswahili kwa heshima ya ugeni wangu: "Agogo anaomba uje muombe pamoja kabla gari halijaondoka. Kesho saa nane."

Saa nane. Mimi nikasikia saa nane mchana.

Kesho yake nikafua, nikapiga nguo pasi, nikachagua zaburi, nikasoma mara tatu kwa Kingonde ili nisikwame. Nikatoka nusu saa kabla, nikifurahi kwamba nimewahi. Nikakuta uwanja umefagiliwa, mkeka umekunjwa na kuegemezwa ukutani. Binti yake, mama wa makamo, alikuwa amekaa chini akibangua karanga. Akainua uso, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Alikungoja. Alimwomba dereva azime gari. Walingoja saa nzima."

Sikuweza kusema kitu. Yeye akainuka, akaingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, juu yake jiwe kwa sababu ya kuku. Akanimiminia maji mikononi. Ndani kulikuwa na matonge mawili, yamepoa na kushika ngozi juu, na usipa pembeni. "Hiki amekubakizia. Alisema utakuja na njaa."

Nilikula pale, mbele yake. Naomba mnielewe, sikuwa na njaa, nilikuwa nimekula kwangu. Nilikula kwa sababu mtu anayepelekwa hospitali, anayeshindwa kupumua, alikuwa amekaa kitako asubuhi ile akihesabu mimi ni wa matonge mangapi.

Agogo alifia Mzuzu siku ya tisa. Walimrudisha usiku. Hakuna aliyenilaumu, hata kwa jicho, na nilitamani wanilaumu. Asubuhi nilikwenda na kuni na ndoo ya maji kama wanawake wengine, nikakaa chini pamoja nao. Baadaye nikamsogelea yule binti, nikamuuliza kwa Kingonde mazishi ni saa ngapi. Akanitazama. Hakunitajia namba. Alinishika mkono, akanitoa uwanjani, akanyoosha mkono wake juu ya mwembe ulio upande wa barabara, akausimamisha pale kwa muda.

"Jua likiwa pale," akasema.

Tangu siku hiyo kijiji kizima kilinionyesha saa kwa mkono. Watoto, wazee, hata mwenyekiti wa kikao. Nami nilijifunza kuuliza hivyo: jua litakuwa wapi? Sikukosa tena mazishi, sikukosa tena gari.

Niseme na jambo moja la mwaka jana. Mnakumbuka Aprili 2025 nchi zetu mbili zilipokosana juu ya mazao. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao kuingia kutoka nje, sisi nasi tukazuia ya kwao, mpaka wakubwa walipokaa mapema Mei wakapatana. Huku juu labda mlisikia redioni tu. Kule kwetu, na naona nimesema kule kwetu, mama mmoja wa darasa langu la jioni alikuwa amenunua ndizi hukuhuku Rungwe, zikaivia Kasumulu. Mtaji wa mwaka mzima. Jumapili ile Mtanzania kanisani nilikuwa peke yangu. Mzee akaniita mbele, akaniomba niongoze maombi kwa ajili ya serikali. Nikaanza kwa Kingonde, nikafika mahali pa kusema "nchi yetu", nikakwama. Sikujua niseme ipi. Kanisa lilinyamaza. Yule mama wa ndizi akasema kutoka benchi la nyuma, "Zote mbili, mwanangu."

Mnajua mto Songwe wenyewe unahama. Mafuriko makubwa yakija unaacha mkondo wa zamani unachimba mwingine, na mtu aliyelima Malawi anaweza kuamka shamba lake likiwa upande wa Tanzania. Nchi zetu zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde lile ili kuushika. Nilivuka mto huo mara nyingi nikidhani najua ukingo upi ni wangu.

Wazee wetu, nina maombi, na naomba msinione nimewakosea adabu.

Mkimtuma kijana, mpeni miezi mitatu ya kwanza bila kazi. Asihubiri, asifundishe. Achote maji, alime, asikilize, akosee kupakua ugali. Mkimpigia simu, kabla ya kuuliza wamebatizwa wangapi, muulizeni jirani yake anaitwa nani. Akishindwa kujibu, mjue kuna shida. Na mtafuteni mtu aliyewahi kuishi kule amweleze saa, fedha, msiba, mambo haya madogo, kabla hajavuka.

Na lingine, hili nalisema kwa uchungu kidogo. Tangu nimerudi nimeulizwa mara nyingi ni lini tutatuma mwingine. Sijaulizwa ni lini wao watatuma mtu kwetu. Pale nilipokaa kuna vijana wawili, wa kiume na wa kike, wanaojua Maandiko kunizidi, wanaimba, wanajua kukaa na wagonjwa kuliko mtu yeyote niliyemwona hapa. Wanatamani kuja Tukuyu kutumika. Wanaogopa baridi, na wanaogopa kwamba tutawaona wamekuja kuomba. Barabara ile ilileta watu huku mwaka 1891. Naomba tuwaandikie barua wiki hii, na mimi nitaitafsiri.

Vijana mnaoombewa leo, mmoja wenu jana aliniambia amesikitika kwa sababu amepangiwa karibu. Nilimtazama nikaona mimi wa Septemba ile, na begi langu kichwani. Mdogo wangu, njoo nikueleze mambo ya kisimani kabla hujaondoka, tukae hata siku nzima.

Siku niliyoondoka Desemba, binti wa agogo alinisindikiza mpaka barabarani. Tulikuwa tumesimama chini ya mwembe ule. Akaniuliza utarudi lini, nami nikanyoosha mkono kwa mazoea, kisha nikaushusha, kwa sababu jua halionyeshi miezi. Tukacheka wote wawili. Akageuka akatazama majaruba, wakati huo miche ndiyo kwanza inashika, akasema, "Mpunga ukianza kuinama."

Juzi nilipita Kyela. Mpunga umeanza kuinama. Navuka Jumamosi hii, cherehani naiacha nyumbani, na kwenye gari nimewekewa nafasi tatu. Mbili hazina mtu. Nitakuwa pale nje chini ya mti baada ya ibada.